Baridi yabisi si ugonjwa wa wazee peke yao

Yafuatayo ni maneno ya tabibu mstaafu aliyoyatoa mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na wazazi wa Getanuwas na vijiji jirani. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, isipokuwa mahali pachache tulipofupisha. Tunawaomba wasomaji wetu wayasome na kuwasomea wengine.

  Nimeombwa nizungumze juu ya magonjwa ya watoto ambayo hatuyaoni mara kwa mara. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana mtu akificha kosa lake hawezi kumfundisha mwenzake.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kazini, mama mmoja aliniletea binti yake wa darasa la pili. Goti la kulia lilikuwa limevimba. Mama alisema mtoto huamka asubuhi akiwa mkavu kama kuni, anaburuza mguu hadi jua lipande, halafu mchana anacheza na wenzake. Niligusa goti, halikuwa la moto sana. Homa hakuwa nayo siku ile. Nikampima malaria, hakuna. Nikampa dawa ya maumivu nikasema, "Huyu ameanguka akichunga mbuzi, atapona."

Mama akarudi baada ya mwezi. Safari hii nikasema ni brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa mifugo, nikampa dawa zake. Akarudi tena, nikarudia dawa zilezile. Mara ya nne hakurudi kwangu. Alikwenda kwa mtaalamu wa jadi, mtoto akachanjwa chale kuzunguka goti. Nilipomwona tena ilikuwa imepita karibu miaka miwili. Goti lilikuwa limejikunja na halinyooki, paja limekonda, na shule alikuwa ameacha kwa sababu ni mbali na hawezi kutembea. Ndipo alipopelekwa hospitali kubwa, na huko mama akaambiwa jina la ugonjwa: baridi yabisi ya watoto.

Ndugu zangu, mama yule alikuja kwangu mara tatu na kila mara alinieleza dalili ileile: asubuhi mkavu, mchana anacheza. Jibu lilikuwa mdomoni mwake. Mimi sikulisikia kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba baridi yabisi ni ya bibi na babu.

Ugonjwa huu ni nini?

Kwanza tulitazame jina. Yabisi maana yake ni kitu kikavu, kigumu. Hapo jina linasema kweli, kwa sababu kiungo kinakuwa kigumu. Lakini neno baridi linatudanganya. Najua asubuhi za mwezi wa saba hapa kwetu zilivyo, na najua mama anayejilaumu kwamba alimwogesha mtoto maji ya baridi au alimwacha achunge bila shuka. Hapana, mama. Baridi inaweza kufanya maumivu yasikike zaidi, lakini haileti ugonjwa huu. Hukuuleta wewe, na wala si laana ya ukoo.

Mwili wa mtoto una askari wake wa kupambana na wadudu wa magonjwa. Hao ndio tunaowaita kinga ya mwili. Katika ugonjwa huu askari wanapotea njia, wanaanza kushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando unavimba na kutoa maji, na kiungo kinajaa. Ukiachwa hivyo miezi na miaka, mfupa na gegedu vinaliwa na mishipa inajikunja. Kwa nini askari wanapotea njia, sayansi haijapata jibu kamili hadi leo. Mtoto anaweza kuzaliwa na mwelekeo fulani, lakini si ugonjwa wa kuambukiza. Hauambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja.

Madaktari wamekubaliana hivi: mtoto aliyeanza kuugua kabla hajatimiza miaka 16, kiungo chake kimoja au zaidi kikavimba kwa wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zikatafutwa zisipatikane, huyo ana baridi yabisi ya watoto. Wapo wanaovimba goti moja tu. Wapo wanaovimba viungo vingi, pamoja na vidole vya mikono na shingo. Wapo wachache ambao ugonjwa huingia mwili mzima: homa kali inayopanda na kushuka kila siku, upele unaokuja na kupotea, tezi na wengu kuvimba. Hao wa mwisho wanaweza kufa wasipotibiwa haraka.

Si ugonjwa mpya. Daktari wa Uingereza aitwaye George Frederic Still aliandika habari zake mwaka 1897, baada ya kuwachunguza watoto 22 huko London. Kwa hiyo umejulikana kwa zaidi ya miaka 120. Kinachotushinda sisi ni kuutambua unapokaa mbele yetu.

Watoto hawa wako wangapi?

Sasa nawaomba tufanye hesabu kidogo. Walimu mtanisaidia.

Huko Ulaya na Marekani, ambako wamehesabu kwa miaka mingi, wamekuta kwamba kati ya watoto 100,000, wenye ugonjwa huu ni kuanzia 16 hadi 150. Tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu kila nchi imehesabu kwa namna yake. Sisi tuchukue ile namba ndogo kabisa, 16, ili mtu asiseme tumetia chumvi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Katika nchi yetu zaidi ya watu wawili kati ya kila watano ni watoto chini ya miaka 15, yaani zaidi ya milioni 25. Ukizidisha kwa ile namba ndogo, unapata watoto wapatao 4,000 nchi nzima. Mkoa wetu wa Manyara ulihesabiwa watu wapatao milioni 1.9. Tukisema wawili kati ya watano ni watoto, tunapata laki saba na nusu, na katika hao watoto 120 wangekuwa na ugonjwa huu. Hao wanajaza madarasa mawili au matatu. Na hiyo ni kwa namba ndogo. Kwa namba kubwa wangekuwa zaidi ya elfu moja.

Nauliza: wako wapi? Mwaka 2020 Daktari Francis Furia wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za watoto wenye magonjwa ya jamii hii waliowaona kuanzia 2012 hadi 2019. Katika miaka yote hiyo, katika jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini, walipata watoto wapatao hamsini tu, na zaidi ya nusu yao walikuwa na baridi yabisi ya watoto. Hamsini kwa miaka minane, na hesabu yetu inasema elfu nne.

Kuna mtu atasema, "Basi ugonjwa huu kwetu ni adimu, Waafrika hawaupati." Inawezekana kweli kwamba aina nyingine za ugonjwa huu ni chache kwetu. Kwa mfano, iko aina inayoshika uti wa mgongo na nyonga za wavulana, ambayo hufuatana na alama fulani ya damu. Alama hiyo ni haba kwa watu weusi. Siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba hesabu ya Ulaya ni hesabu ya Getanuwas. Lakini kabla hatujasema ugonjwa ni adimu, tujiulize kama tuliwahi kuutafuta.

Ili mtoto wa hapa aingie kwenye daftari la Dar es Salaam, milango mingi lazima ifunguke. Mzazi aone kwamba uvimbe si wa kuanguka. Apate nauli na mtu wa kubaki na ng'ombe. Tabibu wa zahanati aseme, "Hili silijui, nenda mbele." Hospitali ya wilaya iseme hivyohivyo. Mwisho wa safari awepo daktari anayeujua ugonjwa. Mlango mmoja ukifungwa, mtoto hahesabiwi. Ataonekana kijijini kama kilema, na watu watasema alizaliwa hivyo.

Kuna jambo jingine linalothibitisha haya. Katika hospitali nyingi za Afrika wanaofika ni wale waliovimba viungo vingi na kulemaa. Wale wa goti moja, ambao Ulaya ndio wengi, huku ni wachache kwenye daftari. Mimi nadhani wengi wao wako nyumbani. Nasema nadhani, kwa sababu binti yule wa goti moja alikaa nyumbani karibu miaka miwili, na mimi ndiye niliyekuwa mlango uliofungwa.

Tujifunze kwa Wajapani

Nitawapa mfano wa ugonjwa mwingine wa watoto, wa mishipa ya damu. Mwaka 1961 daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, alimwona mtoto mwenye homa ya siku nyingi, macho mekundu, midomo iliyopasuka, upele, na mikono iliyovimba. Hakujua ni ugonjwa gani. Hakubandika jina la uongo. Aliandika alichokiona akasubiri. Mwingine akaja, na mwingine. Mwaka 1967 alichapisha habari za watoto 50. Wenzake wengi walikuwa na mashaka, lakini kuanzia mwaka 1970 Japani ikaanza kuhesabu nchi nzima, ikiziuliza hospitali kwa kufuata mpango, na imeendelea hivyo kwa miaka hamsini.

Kwa kuhesabu waligundua kwamba ugonjwa huo, ambao sasa unaitwa kwa jina la Kawasaki, unaweza kuharibu mishipa ya moyo wa mtoto. Waliona miaka ya mlipuko: 1979, 1982 na 1986. Kabla ya mwaka 2020 walikuwa wakihesabu zaidi ya watoto 10,000 kila mwaka. Mwaka 2020, watu walipojitenga kwa sababu ya UVIKO-19, namba ikashuka, na hilo likawapa wanasayansi fununu kwamba huenda mdudu wa kuambukiza ndiye anayeuamsha. Daktari Kawasaki mwenyewe alifariki mwaka huohuo wa 2020.

Yote hayo yalianza kwa daktari mmoja aliyesema, "Mtoto huyu simwelewi," akaandika. Daftari na kalamu tunavyo hata sisi.

Si kila kiungo kilichovimba ni baridi yabisi

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi wahudumu wa afya. Sitaki mtoke hapa mkaanza kumwita kila mtoto mgonjwa wa baridi yabisi. Hapo tutakuwa tumebadili kosa moja kwa jingine. Kwetu hapa yapo magonjwa mengine yanayovimbisha viungo, na mengi ni ya kawaida zaidi.

La kwanza na la hatari kuliko yote ni usaha ndani ya kiungo. Mtoto ana homa, kiungo ni cha moto, hataki hata kiguswe, hawezi kukanyaga. Huyo hasubiri kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana usaha unaweza kuharibu kiungo kwa siku chache tu.

La pili ni kifua kikuu cha mifupa na viungo. Kinakuja polepole, mara nyingi goti moja, nyonga moja au uti wa mgongo. Ulizeni kama nyumbani kuna mtu anayekohoa au aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu.

La tatu ni brusela. Sisi ni wafugaji, na tunaijua. Mtoto anayekunywa maziwa mabichi au anayesaidia ng'ombe anapozaa anaweza kuipata, na inavimbisha viungo kweli. Ndiyo maana nawaambia kila siku, chemsheni maziwa. Lakini kipimo cha haraka cha brusela mara nyingine husema ndiyo wakati jibu ni hapana. Mtoto akimaliza dawa zote na goti bado limevimba, usirudie dawa mara ya tatu kama nilivyofanya mimi. Mpeleke mbele.

La nne ni selimundu, ambayo huumiza mifupa na huvimbisha vidole vya mikono na miguu ya watoto wadogo. Na la tano ni saratani ya damu. Si ya kawaida, lakini mtoto mwenye maumivu makali ya mifupa usiku, aliyepungukiwa damu na kukonda, lazima apimwe damu vizuri kabla hajapewa dawa nyingine.

La sita nitalieleza zaidi, kwa sababu jina lake linafanana na la ugonjwa wetu na watu huyachanganya. Ni homa ya baridi yabisi. Hii huanza na koo. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anaumwa mafindofindo, anapona, halafu wiki mbili au tatu baadaye viungo vinavimba. Leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Uvimbe unahama, na unaondoka wenyewe. Wazazi wanafurahi. Lakini wakati viungo vinapona, moyo unaweza kuwa umeumia. Wahenga wa hospitali husema kwamba homa hii hulamba viungo lakini huuma moyo. Miaka kumi baadaye binti anapata mimba, anaanza kukosa pumzi, ndipo inagundulika kwamba milango ya moyo wake iliharibika utotoni.

Ugonjwa huu wa moyo si adimu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 55 wanao, na wengi wao wako katika nchi kama zetu. Lakini hapa kuna habari njema kutoka kwa jirani. Kaskazini mwa Uganda watafiti waliwapima watoto wa shule kwa mashine ya kutazama moyo, wakawapata 818 ambao moyo umeanza kuguswa lakini hawajaumwa. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila mwezi, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili, waliozidi kuharibika katika kundi la sindano walikuwa 3 tu. Katika kundi lisilochomwa walikuwa 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Sindano hiyo ni ya zamani na ni ya bei nafuu. Kwa hiyo mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa asipuuzwe, na mtoto aliyeandikiwa sindano ya kila mwezi asiikose hata mara moja.

Tufanye nini?

Nimekwisha kusema kwamba jibu liko mdomoni mwa mama. Basi tujifunze kuuliza. Na tuulize kwa lugha anayoielewa, iwe Kiiraqw, Kidatoga au Kinyiramba, kwa sababu mama anayebabaika na Kiswahili hataeleza habari ya asubuhi na mchana. Ataonyesha goti tu, nasi tutatazama goti tu.

Uliza: asubuhi yukoje? Mtoto mwenye baridi yabisi huamka mkavu, halafu hulainika kadiri anavyotembea. Mtoto mdogo hatasema "naumwa". Ataomba abebwe. Atakataa kuchuchumaa chooni. Ataacha kukimbia, atashika kikombe kwa mikono miwili. Walimu, ninyi mnawaona kuliko sisi. Mtoto anayechelewa kila siku asubuhi na mwandiko wake unaharibika, kabla hamjamwadhibu, tazameni vidole vyake.

Uliza: tangu lini? Hapa kwetu tunahesabu kwa mnada. Kama goti lilikuwa limevimba kwenye mnada uliopita na bado limevimba kwenye mnada huu, huo ni mwezi mzima. Msisubiri mwingine. Andikeni rufaa.

Kisha tazama mguu mzima. Linganisha goti na goti, paja na paja. Mara nyingine mguu wenye uvimbe hurefuka kuliko mwenzake, na mtoto anachechemea hata siku ambazo haumwi.

Na macho. Watoto wengine wenye ugonjwa huu hupata uvimbe ndani ya jicho usioonekana kwa nje. Jicho haliwi jekundu, haliumi, lakini kuona kunafifia taratibu hadi upofu. Kwa hiyo kila mtoto aliyethibitishwa lazima apimwe macho na mtaalamu mwenye mashine, hata kama anasema anaona vizuri, na arudie kupimwa kama atakavyoelekezwa.

Matibabu yapo. Zipo dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni. Ipo sindano ya kuchomwa ndani ya kiungo na daktari anayeijua kazi hiyo. Na ipo dawa iitwayo methotrekseti, ambayo utafiti wa pamoja wa madaktari wa Marekani na wa Muungano wa Kisovieti, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba inawasaidia watoto hawa. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu za watoto. Dawa hii hunywewa mara moja kwa wiki. Narudia: mara moja kwa wiki, siku ileile. Mtu akiinywa kila siku inaweza kumuua. Mtoto anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Wahudumu wa afya, mkimkuta mtoto ana dawa hiyo nyumbani, mwulizeni mama anampa siku gani. Swali hilo moja linaweza kuokoa maisha.

Jihadharini na vidonge vya steroidi vinavyouzwa madukani kwa jina la dawa ya mifupa. Mtoto atapona kwa wiki moja, kila mtu atashangilia, halafu uso utavimba, kimo kitadumaa, mifupa italegea, na kifua kikuu kilichojificha kitaamka. Dawa hizo zina kazi yake, lakini kwa mkono wa daktari, na haziachwi ghafla.

Mazoezi nayo ni dawa. Msimfungie mtoto ndani kwa kumhurumia. Maji ya uvuguvugu asubuhi, kunyoosha goti taratibu kila siku, kutembea, kucheza. Kiungo kisichotumika hujikunja.

Najua mnachofikiri. Nauli, chakula cha njiani, dawa za kila wiki kwa miaka. Ni kweli. Sera ya nchi yetu huwapa watoto chini ya miaka mitano matibabu bila malipo katika vituo vya serikali, lakini wengi wa watoto hawa wamekwisha kupita umri huo. Ng'ombe mmoja anauzwa, halafu wa pili. Ndiyo maana kugundua mapema ni nafuu kwa familia pia. Tukianzia hospitali ya Haydom, ambayo imehudumia watu wa pande hizi tangu 1955, mtoto anaweza kupigwa picha, kupimwa damu, na kuandikiwa rufaa kwenda mbele. Madaktari bingwa wa ugonjwa huu bado ni wachache mno Afrika Mashariki. Nairobi yupo Daktari Angela Migowa wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, miongoni mwa wa kwanza katika ukanda wetu. Tangu 2019, tarehe 18 Machi ya kila mwaka ni siku ya dunia ya kukumbuka vijana na watoto wenye magonjwa haya. Naomba shule zetu nazo ziikumbuke.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Kila mhudumu wa afya aweke daftari la mistari michache: umri wa mtoto, kiungo gani, kimevimba tangu lini, asubuhi yukoje, amepewa dawa gani, amepelekwa wapi. Kila robo mwaka tuyakusanye na kumpelekea mganga mkuu wa wilaya. Mwaka wa kwanza tunaweza kupata watoto watatu. Tusikate tamaa wala tusijidai kwamba tumegundua jambo. Lakini watoto hao watatu watakuwa wamehesabiwa.

Mmeniuliza juu ya yule binti. Alitibiwa, akafanyishwa mazoezi, akafungwa plasta za kunyoosha goti hatua kwa hatua. Uvimbe uliisha. Goti halikunyooka lote, anachechemea hadi leo. Ni mama sasa, ana duka dogo. Tulipokutana alinisalimu vizuri, akaniita baba. Niliona haya. Angekuja leo kwa mmoja wenu, akiwa na goti la mwezi mmoja, naamini angetembea wima.

 Karibuni kwa maswali, na anayejua mtoto wa namna hii katika kitongoji chake asiondoke kabla hatujaandika.